Mchungaji Alijuaje Kwamba Mmoja Hayupo?

Dominika ya 24 ya Mwaka C
Injili: Lk 15:1-10



Injili ya leo inatupeleka nyikani, kwa mchungaji mwenye kondoo mia moja aliyepotelewa na mmoja. Mara nyingi tumehubiri juu ya upendo wake: jinsi alivyowaacha wale tisini na tisa, akamtafuta aliyepotea, akambeba mabegani. Leo naomba tusimame kidogo kabla ya safari hiyo. Mchungaji yule alijuaje kwamba mmoja hayupo? Kwa macho tu, kundi la kondoo tisini na tisa halina tofauti na kundi la mia moja. Alijua kwa sababu alihesabu. Na yule mwanamke mwenye sarafu kumi vivyo hivyo: asingezihesabu, asingewasha taa wala kushika ufagio.

Nimelifikiri jambo hili tangu nilipokaa na waumini wa kigango kimoja baada ya Misa. Walikuwa wakilalamika kwamba dawa za zahanati yao huisha mapema, na kwamba watoto wamebanana darasani. Mzee mmoja akasema kwa uchungu, "Padre, Serikali haituoni." Nikamwuliza kama yeye na watu wa nyumbani mwake walihesabiwa katika sensa ya Agosti 2022. Akacheka. Siku ile, akasema, alikwenda shambani alfajiri ili asisumbuliwe, na karani aliporudi mara ya pili hakumkuta pia.

Sisemi kwamba kila upungufu wa dawa unatokana na sensa. Uzembe na wizi navyo vina sehemu yao, na tusivifiche nyuma ya takwimu. Lakini idadi ya watu ni kigezo kimojawapo kinachotumiwa kugawa fedha kwa halmashauri zetu. Mtoto aliyehesabiwa mwaka 2022 akiwa na umri wa mwaka mmoja anatazamiwa kubisha hodi darasa la kwanza mwaka 2027 au 2028. Anayepanga madarasa na walimu anapaswa kumjua mapema. Aliyefichwa siku ile atafika shuleni hata hivyo, ila atafika kama mgeni asiyetazamiwa, na atakaa katika nafasi ya mwenzake.

Sensa ya kwanza baada ya Muungano ilifanyika mwaka 1967, nasi tulikuwa watu milioni 12 na ushee. Mwaka 2022 tulikuwa 61,741,120. Katika mazungumzo tunasema milioni 61, basi. Mimi hupenda kuitazama ile 120 ya mwishoni. Hesabu haikuishia kwenye mamilioni. Ilishuka mpaka kwa mtu mmoja mmoja, yaani mpaka kwangu na kwako.

Najua wapo wanaosita kwa sababu za heshima. Katika jamii zetu nyingi wazee hawakupenda watoto wahesabiwe kwa kunyoshewa kidole, wakiogopa kuwaita mabaya. Wengine hunikumbusha Mfalme Daudi, aliyehesabu watu kisha tauni ikawapiga. Lakini tazameni Daudi alitaka kujua nini: wanaume wangapi wanaweza kushika upanga. Wajane, watoto na vilema hawakumhusu. Alihesabu nguvu zake, hakuhesabu watu wa Mungu. Wengine tena wanaogopa kwamba majibu yao yatapelekwa kwa watoza kodi. Sheria ya Takwimu inamkataza karani kutoa nje habari za mtu binafsi. Na Yosefu, ambaye orodha ya Kaisari Augusto haikumletea faida yoyote iliyo wazi, alifunga safari kutoka Nazareti hadi Betlehemu pamoja na Maria mjamzito.

Ninalolihofia mimi zaidi si mzee aliyekimbilia shambani. Yeye alijificha mwenyewe. Wapo wanaofichwa.

Sensa ya mwaka 2012 iliangukia siku ya Dominika, tarehe 26 Agosti. Jioni ya siku ile nilikwenda kumpaka mafuta bibi mmoja mgonjwa. Karani alikuwa ametoka katika nyumba ile muda mfupi tu. Mama mwenye nyumba akaniambia kwa furaha kwamba wamekwisha kuhesabiwa, watu watano. Wakati wa sala nikasikia sauti katika chumba cha ndani. Nikauliza ni nani. Mama akainamisha kichwa. Alikuwa binti yake, wa miaka tisa hivi, asiyeweza kutembea.

Sikumkaripia. Nilimwuliza tu, "Mama, jioni unapakua sahani ngapi?"

Akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Sita, Baba."

Alikuwa mama mwema. Alimlisha, alimwogesha, alimbeba. Aliona haya tu kumtaja mbele ya mgeni, na mumewe alikuwa amemwambia kwamba mtoto huyo hana haja ya kuandikwa, kwa kuwa shuleni hatakwenda. Kwa maneno hayo binti yule alikuwa anatoweka katika nchi yake kwa miaka kumi, mpaka sensa nyingine, hali yumo ndani ya nyumba na sauti yake inasikika.

Tulimtuma kijana akamwite karani, ambaye alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale. Alirudi bila kinyongo ingawa giza lilikuwa linaingia, akaifungua tena karatasi ya kaya ile. Mama akamtoa binti, akamkalisha juu ya mkeka ukumbini. Karani akamwuliza mama jina la mtoto. Kabla mama hajafungua kinywa, mtoto akajibu mwenyewe, kwa sauti kubwa, akalitaja na la ubatizo.