Kibarua cha Likizo na Timu ya Shule

Ninyi mlioketi chini ya mwembe, na ninyi mliomo darasani, karibuni nyote. Sogeeni karibu na redio. Kila mtu awe na daftari na penseli. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya manne: likizo, kibarua, kambi, tarehe. Yasomeni pamoja naye mara mbili, kisha nisikilizeni.

(Hapa darasa linasoma.)

Vema. Wengi wenu mna watoto katika shule za sekondari. Mwezi wa Juni shule hufungwa, na mtoto hurudi nyumbani. Katika nchi ya pamba, yaani Shinyanga, Simiyu, Mwanza na majirani zao, wakati huo ndio wa kuchuma. Ununuzi wa pamba huanza mwezi wa Mei, na wenye mashamba hutafuta watu wa kuwasaidia. Mtoto naye anahitaji fedha. Ni kweli kwamba Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi. Basi mzazi humwambia mtoto, "Nenda ukachume."

Lakini Juni hiyo hiyo ni mwezi wa michezo. Watoto wa shule za msingi wana mashindano yao, UMITASHUMTA. Wale wa sekondari wana UMISSETA. Kuna soka, netiboli, mpira wa wavu, riadha, hata kwaya na ngoma. Mashindano huanza shuleni, yakaenda kata, wilaya, mkoa, mwisho taifa. Mwaka 2018 yale ya taifa yalifanyika Mwanza, mwaka 2019 Mtwara, na mwaka 2022 Tabora. Kabla ya kila hatua timu hukaa kambini siku kadhaa. Basi mtoto mmoja huitwa na watu wawili kwa siku zile zile. Mwenye shamba anamwita, na mwalimu wa michezo anamwita.

Nitawaeleza habari ya nyumbani kwetu. Wahusika sitawataja majina.

Dada yangu ana binti. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, umri wake miaka 15, na katika netiboli alikuwa hodari wa kufunga. Mwishoni mwa Mei alileta barua kutoka shuleni. Dada yangu hakujua kusoma. Akamwuliza binti, "Inasema nini?" Binti akajibu, "Ni mambo ya mpira, mama." Mama akadhani ni mpira ule wa jioni wa siku zote. Akatia dole gumba mahali palipotakiwa, akaikunja barua na kuiweka katika mkebe juu ya kabati.

Siku tatu baadaye alikuja jirani, mzee mmoja mwenye ekari za pamba. Akamwomba binti akachume mpaka shamba liishe, na fedha atalipwa mwisho wa kazi. Dada yangu akakubali, akashukuru. Binti alikuwa amesimama pale pale. Alijua kwamba barua ile ilisema kambi ya timu ya wilaya itaanza katikati ya siku za kuchuma. Asiseme neno. Baadaye nilimwuliza, "Kwa nini ulinyamaza?" Akanijibu, "Mjomba, mama alikuwa amekwisha kubali. Ningesemaje mbele ya mzee?"

Wazazi, hapo tusimame kidogo. Sisi tumewafunza watoto wasijibizane na wakubwa, na tumefanya vizuri. Lakini tukimpa mtoto kibarua mbele ya mgeni bila kumwuliza kwanza, tumemfunga mdomo. Anabaki na ahadi mbili, na moja lazima ivunjike.

Basi binti alichuma siku tisa. Siku ya kumi, saa 5 asubuhi, mwalimu alifika shambani na pikipiki. Gari la timu lilikuwa likingoja. Binti akaacha mfuko wake juu ya mstari, akaenda. Yule mzee alikasirika sana. Akasema, "Makubaliano ni mpaka shamba liishe. Aliyekimbia hana malipo."

Dada yangu akaniita nikaseme naye. Nami nilikwenda kwa hasira, nikamfokea mtu mzima kwamba yeye ni adui wa elimu. Mzee alinisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mwalimu, ni nani aliyeniambia habari za kambi? Ningeambiwa, ningetafuta mtu mwingine mapema. Tazama pamba yangu." Nikatazama. Vitumba vilikuwa vimepasuka wazi, vumbi linapuliza, na pamba ikishika vumbi na majani makavu hushuka kutoka pamba safi ikawa pamba fifi, na bei yake hushuka pia. Mzee hakuwa adui wa mtu. Nilimwomba radhi, na nawaambieni kweli, haikuwa rahisi.

Sasa ikabaki habari ya fedha. Mzee hakuwa ameandika kilo za kila mchumaji. Lakini binti alikuwa ameziandika. Nyuma ya daftari lake la jiografia alichora mistari, akaandika tarehe upande mmoja na kilo upande wa pili, siku zote tisa. Mzee akalisoma daftari lile polepole, kidole juu ya mstari. Akasema, "Hizi ndizo. Hata siku ile ya mvua kaiandika kidogo." Akalipa kilo zote.

Fedha ile ilitosha sketi na madaftari. Viatu haikutosha, na binti alianza muhula kwa viatu vya zamani. Timu yao ilikwenda mkoani, lakini yeye hakuchaguliwa kuendelea katika timu ya mkoa. Aliporudi, pamba ilikuwa imekwisha chumwa. Nilimwuliza kama anajuta. Akacheka, akaniambia wafungaji wa Kahama ni warefu mno.

Haya, chukueni penseli. Tufanye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu, si bei ya soko. Tuseme mtoto anachuma kilo 20 kwa siku, na analipwa shilingi 150 kwa kilo. Kwa siku moja atapata ngapi? Naam, shilingi 3,000. Likizo ina siku 24 za kazi. Zidisheni. Mmepata shilingi 72,000. Sasa kambi na mashindano ni siku 10. Toeni siku hizo: shilingi 30,000 zinaondoka, zinabaki 42,000.

Msiogope tofauti ile. Afadhali uijue mwezi wa Mei kuliko kushtukia mwezi wa Julai. Mzazi mmoja atasema, "Shilingi 42,000 zatutosha, mtoto aende akacheze." Mwingine atasema, "Mwaka huu hatuwezi, mwalimu atafute mchezaji mwingine." Wote wawili ni wazazi wema. Mimi simlaumu yule wa pili, maana najua nyumba ambazo shilingi 30,000 ni chakula. Ila mwalimu naye aambiwe mapema, kwa sababu na yeye ana timu ya kupanga.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani likizo ndefu ni Juni hadi Agosti, na vijana wengi hutafuta kazi madukani na katika migahawa. Makocha wa shule nao huanza kuwaita wachezaji mwezi wa Agosti, kabla shule haijafunguliwa. Nyumba nyingi huko hubishana kama zetu.

Sasa nanyi mjue sheria inasemaje, maana si kila kibarua kinamfaa mtoto. Hapa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto asiyefika miaka 14 haajiriwi. Mwenye miaka 14 aweza kufanya kazi nyepesi, yaani kazi isiyomdhuru afya wala kumzuia masomo. Kazi isizidi saa 6 kwa siku. Asifanye kazi usiku, tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na ziko kazi za hatari ambazo mtoto hapewi kabisa, kama vile machimboni, kubeba mizigo mizito, penye kemikali, au katika baa.

Tazameni jinsi hilo linavyohusu pamba. Kuchuma asubuhi umande ukiisha kukauka, kwa saa chache, ni jambo moja. Kubeba gunia lililojaa mpaka ghalani ni jambo jingine, na kupiga dawa ya wadudu ni jambo jingine tena. Mwenye shamba akisema "kazi ndogo ndogo", mwulize ni zipi. Na mtoto aliyeinama shambani tangu alfajiri hadi magharibi, jioni hana miguu ya kukimbia uwanjani. Mwalimu atamwita mvivu, naye si mvivu. Amechoka.

Basi barua ya shule ikija, isomeni ninyi wenyewe. Mkishindwa neno, leteni barua hiyo darasani, ndiyo kazi ya darasa. Tafuteni tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi, zipigieni mstari. Kisha mwiteni mtoto mkiwa peke yenu, hakuna jirani wala mgeni, mkamwulize anataka nini. Baada ya hapo ndipo mwende kwa mwenye shamba.

Na huko msiende na maneno matupu. Dada yangu sasa yumo katika darasa kama lenu, na mwaka uliofuata aliandika kikaratasi kwa mkono wake. Mwalimu wa darasa akiandike ubaoni, nanyi mkinakili:

"Mzee, shikamoo. Binti yangu atachuma kwako tangu tarehe 3 Juni hadi tarehe 12 Juni. Tarehe 13 anakwenda kambini na timu ya shule. Akirudi, kama kazi ipo, ataendelea. Naomba alipwe kilo zake tarehe 12. Kilo tutaandika sote wawili kila jioni. Ni mimi, mama yake."

Kilimchukua jioni mbili kukiandika, na neno "kambini" alilifuta mara tatu. Mzee alikisoma, akaingia ndani, akatoka na daftari jipya la kuandikia kilo.

Kazi ya nyumbani: andikeni kikaratasi kama hicho kwa ajili ya mtoto wenu, au mtoto wa jirani. Tieni tarehe za kweli kutoka barua ya shule. Wiki ijayo, saa hii hii, mwalimu atavikusanya, nasi tutajifunza kusoma mizani na kuandika kilo na gramu. Kwaherini.