Nani Katoroka, Nani Kafurushwa? Vitenzi vya Kuondoka Ghafla katika Habari za Ukanda wa Ziwa



Mada niliyopewa inahusu visawe. Kamusi za visawe za Kiingereza huyapanga maneno kama flee, escape, abscond na elope karibu karibu, na mtafsiri wa chumba cha habari hapa Kisumu, taarifa ya saa saba ikimsubiri, huyageuza yote kuwa neno moja: kutoroka. Wakazi wa Nyando watoroka mafuriko, mshukiwa atoroka, msichana atoroka na mpenziwe, mwanasiasa atoroka nchi. Hoja yangu ni kwamba kutoroka si kisawe cha kukimbia. Anayelichagua neno hili amekwisha kumhukumu aliyeondoka, ajue asijue.

Tuanzie Pwani, ambako historia ya neno hili ni nzito. Katika karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao katika mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa. Baadhi walijenga makazi yao bara, kama kule Fuladoyo, na wengine wakajisitiri kwenye misheni ya Rabai. Mwaka 1888 George Mackenzie, aliyeiwakilisha Kampuni ya Imperial British East Africa, alikubali kuwalipa mabwana fidia ili watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika misheni wapewe hati za uhuru. Yaani hata siku ya kukombolewa, hesabu ilifanywa kwa upande wa bwana. Huwezi kuitwa mtoro bila kuwepo mtu anayedai kwamba wewe ni wake, na mantiki hiyo bado imo. Mwanafunzi hutoroka shule, askari hutoroka kambi, mahabusu hutoroka seli. Daima yupo mwenye haki ya kukuita urudi, au anayejiona kuwa nayo.

Sasa mwingize katika orodha hiyo mkulima wa mpunga wa Ahero. Mto Nyando umevunja kingo usiku, naye kabeba watoto na godoro akashika njia. Ni nani aliyekuwa akimdai abaki? Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, maji yakaingia majumbani ufukweni. Kwa watu hawa tunayo kuhama na kukimbia. (Ingawa katika nchi ya wanariadha kama yetu, kichwa "Wakazi wa Ahero wakimbia" kinaweza kumfanya msomaji atafute jina la mshindi. Andika walikokimbilia, utata uishe.) Mimi napendelea kauli ya kutendesha: "Mafuriko yahamisha familia Nyando". Hapo mtenda ni maji, na swali la msomaji litaelekea kwenye kingo za mto na wanaopaswa kuzijenga. Na mwalimu anayejaza rejista msimu huo asimwandikie utoro mtoto ambaye familia yake inalala kambini.

Kisa kinachonisaidia zaidi darasani ni cha Raila Odinga. Juni 1991 aliachiliwa kutoka kizuizini, kwa mara ya tatu. Oktoba mwaka huohuo, akihofia maisha yake, alivaa kama padri, akavuka ziwa kwa mashua hadi Uganda, kisha akaenda Norway. Kwa polisi waliomsaka, alikuwa katoroka. Kwa waliokuwa wakimwombea huku ukanda wa ziwa, kaponyoka. Vitabu vitasema alikwenda uhamishoni, na neno hili linastahili kuangaliwa mara mbili, kwa kuwa limetokana na kuhamisha. Mtu anaweza kuondoka kwa miguu yake mwenyewe na bado lugha ikashuhudia kwamba kuna aliyemwondoa. Baba yake, Jaramogi, hakuhitaji kanzu ya padri Aprili 1966 alipojiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha upinzani cha KPU. Gazeti la leo lingeandika "agura Kanu". Waliobaki chamani wangesema ameasi.

Kutokomea na kuyoyoma sitayakalia sana. Ni vitenzi vya macho ya aliyeachwa, vinafaa mshukiwa akishapotea gizani. Kuchana mbuga, kula kona na kuingia mitini tuviachie kurasa za dondoo, ambako polo aliyefumaniwa huko Bondo anavihitaji. Kumwandikia mwathiriwa wa mafuriko kwamba "alichana mbuga" ni ukosefu wa adabu.

Swali gumu zaidi liliachwa na machafuko ya baada ya uchaguzi, ya 2007 na 2008. Watu wa jamii nyingine waliokuwa wakiishi Kisumu walikimbilia vituo vya polisi, huku mabasi yakiwaleta Kisumu na Siaya watu waliotimuliwa Naivasha na Nakuru. Wote waliitwa wakimbizi wa ndani. Kundi la pili lilikuwa limefika kwa wazee wao, hivyo wengine wakaandika kwamba wamerudi nyumbani, utadhani ni likizo ya Desemba. Kufurushwa lingetosha kwa makundi yote mawili, maana halijali unakoelekea. Linamtaja, hata bila jina, aliyekusukuma.

Nitaje pia kutoroshwa. Msichana wa kidato cha tatu akiondoka usiku na mwanamume wa miaka 30, elope ya Kiingereza inanukia mapenzi, na "atoroka na mpenziwe" inamtwisha lawama mtoto. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haitambui ridhaa ya aliye chini ya miaka 18. "Atoroshwa" inamrudisha mwanamume ndani ya sentensi, anakostahili kuwa.

Kabla ya chai, kila meza iandike kichwa cha habari, maneno yasizidi manane. Mvuvi Mkenya karibu na kisiwa cha Migingo ameona boti ya doria ya Uganda, akawasha injini na kuondoka kwa kasi. Hakuna aliyeeleza bado kama alikuwa na kosa. Kichwa hicho kitasomwa Muhuru Bay na Kampala siku moja.