Santuri za "Jazz" Kusini mwa Ziwa Viktoria: Utafutaji Unaoanzia Kwenye Lugha



Huenda baadhi yenu mmejiuliza mwanaisimu ana shughuli gani na santuri za dansi. Jibu langu ni fupi. Anayetaka kujua Kiswahili cha miji ya bara kilitamkwaje kati ya mwaka 1950 na 1975 hana ushahidi mwingi wa kusikika ulio bora kuliko huo. Magazeti ya wakati ule yametuachia maandishi, lakini hayakutuachia sauti. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilishughulika zaidi na lugha jinsi inavyopaswa kuwa. Santuri imehifadhi kinywa chenyewe, pamoja na makosa yake, lafudhi zake na mizaha yake.

Naam, kuimba si kusema. Pingamizi hilo nimelisikia mara nyingi, nami nalikubali nusu. Mwimbaji hunyoosha irabu na kuhamisha mkazo ili aufuate muziki. Lakini msikilize mwanamuziki pale katikati ya wimbo anapomwita mpiga gita kwa jina, anapomtania mwenzake, au anapowahimiza wachezaji. Maneno hayo hayakuandikwa na mtu, hayakusahihishwa na mhariri, nayo hayana mizani. Kwa mtafiti wa lugha, sekunde 10 za namna hiyo zaweza kuwa na thamani kuliko beti zote zilizozizunguka.

Ni lazima kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. "Jazz" katika majina ya bendi zetu haina maana ile ya New Orleans. Katika Tanganyika neno hili lilitaja kundi la wanamuziki lenye magita, ngoma na mara nyingi tarumbeta au saksafoni, ambalo lilipiga dansi. Muziki wenyewe ulielekea zaidi upande wa rumba ya Kuba na ya Kongo. Ndiyo maana tuna Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, na hata NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kubeba jina la chama cha wafanyakazi. Western Jazz ilikuwa bendi ya Dar es Salaam, lakini jina lake halikuhusu nchi za Magharibi: lilihusu Jimbo la Magharibi, yaani upande wa Tabora na Nzega, alikotoka mwasisi wake Iddi Nhende. Basi mtu anayeingia katika orodha za maktaba za Ulaya na kutafuta chini ya kichwa cha "jazz" atarudi mikono mitupu, kwani humo bendi hizi huweza kupangwa chini ya "rumba", "dansi", "muziki wa Afrika", au pengine Kenya.

Kenya inaingia hapa kwa sababu ya kiuchumi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri kilichofanya kazi. Bendi ilisafiri kwenda Nairobi au Mombasa kurekodi, au sauti ikanaswa hapa nchini na mkanda ukapelekwa huko kuchapwa. Nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro zilitolewa katika lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya duka la Assanand la Mombasa. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwezi Januari 1979, alitolewa na Polydor, na baada ya kifo chake Polygram ya Nairobi ikakusanya nyimbo zake katika mfululizo wa Ukumbusho. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo sita njia ya santuri ilikatika, na bendi nyingi zikabaki na studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam peke yake. Huko walirekodiwa katika utepe, na utepe huo haukuuzwa dukani.

Kwa hiyo tunatafuta vitu viwili, sahani na utepe. Wimbo mmoja ukiwapo katika vyote viwili, tusidhani kwamba ni matini moja. Upande mmoja wa sahani ndogo uliruhusu takriban dakika tatu. Wimbo mrefu ama ulikatwa, ama uligawanywa ukawa sehemu ya 1 upande huu na sehemu ya 2 upande wa pili. Kilichokatwa mara nyingi ni yale mazungumzo niliyoyataja. Utepe wa redio ulikuwa na nafasi zaidi. Aliyezoea kulinganisha miswada ya tenzi ataitambua kazi hii bila kufundishwa.

Sasa nije Geita. Kwa nini mtu aende Geita kutafuta santuri, wakati bendi zilikuwa Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Tabora? Mwanaisimu wa Italia Matteo Bartoli alionyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1925, kwamba maumbo ya kale ya lugha hudumu pembezoni ilhali kitovu huendelea kubadilika. Naona kanuni hiyo inafaa pia kwa vitu. Mjini, sahani mpya iliifukuza ya zamani, na kanda ya kaseti ikaifukuza sahani. Kusini mwa Ziwa mambo yalikwenda taratibu zaidi. Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, msafiri wa kutoka Mwanza alilivuka ghuba kwa kivuko, na kilichokwishavuka hakikurudi kwa urahisi.

Wala fedha za kununulia hazikukosekana. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, iligunduliwa mwaka 1940, na mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi hadi miaka ya 1960. Zaidi ya hayo palikuwa na pamba, iliyomletea mkulima fedha taslimu kwa msimu kupitia vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya Victoria Federation. Mshahara wa mgodini na malipo ya pamba ndivyo vilivyoweza kununua kinanda cha kupinda kwa mkono na sahani zake. Kwa sababu hiyo, anayekwenda Geita leo asikae mjini tu, kwa maana mji huo umejaa wageni waliofuata dhahabu tangu mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000. Aende kwenye vijiji vya zamani vya wakulima wa pamba, na kwenye kaya za watu waliostaafu Mwadui.

Atakayofika huko ayajue maneno. Kwa vijana wa chuo kikuu santuri ni sahani. Kwa wazee wengi santuri ni mashine, na kile chombo cha duara ni "sahani ya santuri", au "sahani" tu. Mtafiti anayeuliza, "Mzee, una santuri?" hujibiwa kwamba ilikwisha kuharibika siku nyingi, naye huaga na kuondoka, kumbe sahani 30 zimo ndani ya gunia chini ya kitanda. Akiuliza habari za "kanda" anaweza kuelezwa habari za Kanda ya Ziwa. (Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, na kila aliyekuwapo alicheka isipokuwa muulizaji.) Njia inayozaa matunda ni kuuliza kwa jina la mtindo. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, NUTA Jazz Msondo, Safari Trippers Sokomoko. Mzee asiyekumbuka jina la wimbo hata mmoja atakumbuka Saboso, na pengine atainuka kitini kukuonyesha.

Matamshi nayo yanataka sikio. Kisukuma hakina r iliyo fonimu ya pekee. Kwa hiyo jina atakalolitaja msimulizi kwa l huenda kwenye lebo limechapwa kwa r. Wapigaji chapa wa Nairobi waliongeza mkanganyiko wao: Salum huandikwa Salim, Abdallah huandikwa Abdullah, na jina la Mwinshehe nimeliona limeandikwa kwa namna tatu. Kwa hiyo, pamoja na jina, sharti inakiliwe namba iliyokwaruzwa kwenye utando wa sahani, karibu na lebo. Karatasi ya lebo hubanduka na jina huweza kukosewa. Namba ile ilikuwamo tangu kiwandani.

Lipo pia neno linalogawa nchi mbili. Nyimbo za zamani, Wakenya huziita "zilizopendwa" na Watanzania "zilipendwa". Umbo la Kenya ni kishazi tegemezi cha kawaida chenye kirejeshi -zo-. Umbo la Tanzania ni sentensi kamili, "zilipendwa", iliyogeuzwa nomino bila kirejeshi chochote, na leo mtu husema "zilipendwa hii" bila kusita. Wapo wanaoliita kosa. Mimi naliona ni mojawapo ya matukio ya kuvutia katika mofolojia ya Kiswahili cha karne iliyopita, nalo limetokana na dansi na redio, si darasani. Kwa mtafutaji faida yake ni ya wazi: orodha iliyoandaliwa Nairobi na orodha iliyoandaliwa Dar es Salaam zitafutwe kwa maneno mawili tofauti.

Kuhusu hali ya sahani zenyewe ni lazima niseme jambo lisilofurahisha. Sindano ya chuma ya kinanda cha mkono hula mifuo kila inapopita. Sahani iliyopendwa sana ilipigwa sana, na sasa hutoa mvumo mtupu. Sahani inayong'aa kama mpya mara nyingi ndiyo ambayo hakuna aliyeitaka. Sahani za kasi ya 78, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Asia, huvunjika kama kigae, nazo hazikupenda kuhamishwa. Katika Operesheni Vijiji, mwaka 1974, kaya nyingi za Shinyanga na Geita zilihamishwa, na vitu vya namna hiyo havikuwa vya kwanza kubebwa. Kwa hiyo tusihesabu zilizobaki tukadhani tunahesabu zilizopendwa. Hapo ndipo kumbukumbu za wasikilizaji zinapokuwa data, si pambo.

Kumbukumbu hizo ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko sahani. Utepe wa Redio Tanzania, ambao sasa uko chini ya TBC, unaweza kuingizwa katika kompyuta wakati wowote fedha zikipatikana, mradi usiwe umeoza. Mwaka 2007 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa iliweza kutoa mkusanyo mzima wa nyimbo za dansi za Tanzania za miaka ya 1960 katika mfululizo wake wa Zanzibara. Lakini hakuna mashine itakayotuambia nani anaitwa kabla ya gita la pili kuingia, wala neno lile la mtaani lilikuwa na maana gani mwaka 1966. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati huo leo amekwisha pita 75.

Wapo wanunuzi wanaopita vijijini wakilipa fedha kidogo na kuondoka na gunia zima. Siwalaumu kwa kununua. Sahani kadhaa zimeokoka kwa sababu yao. Lawama yangu ni kwamba gunia huondoka na mwenye maelezo hubaki, na vitu hivyo viwili havikutani tena.

Ninachopendekeza kwa idara yetu hakihitaji jengo wala gari jipya. Wanafunzi wanaotoka Geita, Kahama, Bukombe, Sengerema na Shinyanga, wanaporudi makwao likizo, wachukue daftari na kinasa sauti. Sahani isiondoke nyumbani kwa mwenyewe. Iandikwe lebo yake neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya tahajia, na namba ya utandoni; ipigwe, ikiwa bado inapigika, mbele ya mwenyewe na rika lake, na kinasa sauti kiachwe wazi wimbo unapokwisha, maana wazee huanza kuzungumza hapo. Tuanze na likizo ijayo. Nimekwisha andaa madaftari 12, na yeyote anayelitaka aonane nami tutakapotoka ukumbini.