Mvi si Kosa: Ukishuku Mzee Anadhulumiwa, Piga Ripoti

(Mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wakaazi)



Nitazungumzia jambo ambalo wengi tunalijua na wachache tunalitamka. Hapa Kilifi mzee anaweza kuuawa kwa sababu ya mvi na macho mekundu. Mtoto anaugua, kijana anakufa kwa ajali ya bodaboda, na kabla matanga hayajaisha jina la mzee limeshatajwa. Ukichunguza, mara nyingi chini yake unakuta shamba: mzee ndiye mwenye ardhi, au ndiye anayekataa iuzwe. Kule Kaya Godoma, Ganze, wamehifadhiwa wazee waliofukuzwa kwao kwa tuhuma hizo.

Kifungu cha 57 cha Katiba kinampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Kwa Katiba, mzee ni aliyetimiza miaka 60.

Sheria ya Uchawi nayo ni kuukuu, ya mwaka 1925, lakini bado ina meno. Kumwita mtu mchawi, au kumtishia kwamba utamtaja, ni kosa. Kifungo chake ni hadi miaka 5. Imeacha mlango mmoja tu: mwenye tuhuma aipeleke kwa polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine. Kuitangaza matangani hakumo.

Halafu kuna dhuluma isiyo na panga. Bibi anapokea shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi, lakini simu na namba ya siri anazo mjukuu. Babu aliyepooza anafungiwa ndani asubuhi, anafunguliwa jioni, hajala. Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani, ya 2015, inahesabu hata dhuluma ya kiuchumi. Kwa hiyo tusiseme ni mambo ya boma la watu.

Je, ni lazima jirani apige ripoti? Sheria hiyo inasema mwenye sababu ya kushuku anaweza kutoa habari. Anaweza, haikusema sharti. Kwa maoni yangu hapo imetulegezea mno, maana mzee wa kitandani hawezi kwenda kituoni mwenyewe. Lakini imemkinga mtoa habari: ukisema kwa nia njema, hubebeshwi lawama kisheria. Wajibu mzito uko kwa polisi. Afisa akipokea malalamiko ni lazima amweleze mlalamishi misaada iliyopo, ikiwemo mahali pa hifadhi na matibabu. Bibi akitaka kuandikisha taarifa kwa askari wa kike, ana haki ya kuomba hivyo.

Hatari ikiwa ni ya usiku huo huo, piga 999 au 112. Namba 1195 ni ya bure, kwa dhuluma za kijinsia na za nyumbani. Unaweza pia kumwona chifu, mzee wa Nyumba Kumi au afisa wa maendeleo ya jamii. Usingoje upate ushahidi. Kuchunguza ni kazi ya polisi. Wewe taja kijiji, jina la mzee, ulichoona na siku uliyokiona. Kama ameumizwa, apelekwe hospitali kwanza, na kama amenajisiwa asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe. Fomu ya P3 hailipiwi.