Chanjo ya Kumeza na Chanjo ya Sindano: Maneno ya Mjumbe wa Afya



Mama mmoja aliniuliza: mbona homa ya matumbo haichanjwi kwa mdomo kama polio, mtoto asichomwe sindano? Swali zuri. Chanjo ya namna hiyo, Ty21a, ilitengenezwa Uswisi miaka ya 1970. Ni kijidudu hai cha Salmonella kilichodhoofishwa. Hupita njia ileile ya ugonjwa, na utumbo ukajifunza kumkataa adui mlangoni. Alexandria, Misri, watoto wa shule waliinywa baada ya kupewa dawa ya kutuliza tindikali ya tumbo. Iliwakinga kwa asilimia 96 kwa miaka 3. Huko Chile ya kapsuli ilifika kama 67.

Taabu ni kwamba kapsuli haitafunwi wala kufunguliwa, maana tindikali huua kile kijidudu. Mtoto wa mwaka mmoja ataimezaje? Ndiyo maana mwaka 2018 WHO ilishauri chanjo nyingine, sindano moja tu, kuanzia miezi 6.

Kuku nao huchanjwa Salmonella kwa maji ya kunywa, lakini hiyo ni aina nyingine. Msiwasingizie kuku: homa ya matumbo hutoka kwetu, chooni.

Mama yule nilimjibu: atalia, lakini mara moja.