Je, vidonge vya homoni vinachoma kizazi?

Wavulana, msitoke nje. Haya ni mambo ya dada zenu, na kesho yatakuwa ya wake zenu.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliletwa kliniki na mama yake. Kila mwezi anakosa shule siku 3 au 4, tumbo linamuuma mpaka anatapika. Daktari alishamwambia ana endometriosi, akampa vidonge vya homoni. Mama akavitupa chooni. "Nesi, majirani wameniambia zile ni steroidi, zitamchoma kizazi. Nani atamwoa mwanangu kama hazai?"

Sikumcheka. Hofu ya mzazi ni kitu kikubwa. Ila alikuwa anaogopa kitu sicho.

Ndani ya mji wa mimba kuna utando unaobomoka kila mwezi na kutoka kama hedhi. Kwa mwenye endometriosi, utando wa namna hiyo huota nje ya mji wa mimba: kwenye ovari, kwenye mirija, hata karibu na utumbo. Kila mwezi nao huvimba na kuvuja damu, lakini damu haina pa kutokea. Panauma, halafu panajenga makovu. Makovu yakibana ovari na mirija, yai na mbegu vinashindwa kukutana. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hupata shida ya kushika mimba. Baadhi, siyo wote! Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unampata mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa.

Sasa hizo steroidi. Najua unamfikiria Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada aliyenyang'anywa medali ya dhahabu kule Seoul mwaka 1988. Lakini steroidi ni ukoo mkubwa. Estrojeni na projesteroni, homoni zinazotengenezwa na mwili wako wewe msichana, nazo ni steroidi. Vidonge vingi vya endometriosi ni vya ukoo huo. Vinautuliza ule utando, na maumivu yanapungua.

Zamani, hasa miaka ya 1980, ilitumika sana danazoli, steroidi iliyo jamaa ya homoni ya kiume. Maumivu yalipungua, lakini wengine waliota chunusi na nywele usoni, na sauti ikawa nzito, mara nyingine isirudi tena. Siku hizi danazoli hutolewa kwa nadra.

Je, vidonge vya leo vinaleta utasa? Hapana. Vingi huzuia yai kutoka wakati unavimeza. Ukiacha, mayai huanza tena.

Lakini sikiliza na upande wa pili: vidonge hivi havitibu utasa. Mwanamke anayetafuta mtoto akivimeza kwanza kwa miezi kadhaa, nafasi yake ya kushika mimba haiongezeki. Anapoteza muda tu. Huyo husaidiwa kwa njia nyingine, kama upasuaji wa tundu dogo wa kuondoa utando na makovu, au yai kurutubishwa maabara. Na wengi hushika mimba bila msaada wowote.

Basi nikamwambia yule mama: "Mama, vidonge hivi ni vya kumrudisha binti darasani. Habari ya watoto ina wakati wake." Akakubali kurudi kwa daktari.

Na wewe je? Maumivu yanayokukosesha shule kila mwezi siyo ya kawaida, hata kama bibi atasema ndo uanamke. Andika tarehe zake, umwonyeshe daktari. Usimeze vidonge vya rafiki. Na mtu akikuambia eti "zaa, utapona," usidanganyike. Mimba siyo dawa ya endometriosi.

Haya, nani ana swali? Hata wewe kijana uliyejificha nyuma, karibu.