Majina ya Wapolandi na Vijiji Vyao



Siku moja niliwachukua wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kwenda Tengeru, karibu na Arusha, kuyatazama makaburi ya Wapolandi yaliyoko huko. Ni makaburi zaidi ya mia moja, yaliyopangwa kwa safu. Kijana mmoja, mwenye macho makali kwa makosa ya imla, jambo jema kwa mtu atakaye kuwa mwalimu, akaniita kando akasema, "Mwalimu, waliochonga mawe haya wamekosea. Mwanamume ameandikwa kwa -ski na mwanamke kwa -ska, na jina ni lile lile. Lipi ndilo sahihi?" Nikamjibu kuwa yote mawili ni sahihi. Lakini kumweleza sababu yake kulituchukua njia nzima ya kurudi, na maelezo hayo ndiyo niliyowaletea leo.

Hapo kale watu wa Polandi walikuwa na jina moja tu, lile la ubatizo. Wakiwapo akina Jan wanne mahali pamoja, yawapasa watu kuuliza, "Jan yupi?" Makabaila, yaani mabwana wenye ardhi, walijibu kwa kutaja mahali pao: Jan z Tarnowa, maana yake Jan wa kutoka Tarnów. Baadaye, hasa katika miaka ya 1400 na 1500, wakaliacha lile neno la mbele wakatia -ski nyuma, akawa Jan Tarnowski. Basi -ski hiyo hufanya kazi ya "wa" yetu, ila yetu hutangulia na yao hufuata. Jemadari mkuu wa ufalme wao aliyekufa mwaka 1561 aliitwa jina hilo hilo, Jan Tarnowski. (Nisameheni ulimi wangu, herufi w kwao husomwa v, na ikifuatwa na s husikika kama f: Tarnofski.)

Sasa turudi kwa yule kijana. Sisi twasema mtu mrefu, mti mrefu, kiti kirefu. Neno la sifa hugeuka kichwa likifuata jina. Neno la Wapolandi hugeuka mkia, tena hugeuka kwa kufuata uume na uke. Jina lenye -ski ni neno la sifa, nalo halikwepi sheria hiyo. Mume ni Tarnowski, mkewe na binti yake ni Tarnowska, na wote pamoja ni Tarnowscy. Mwalimu mmoja wa hesabu na sayansi katika mji wa Warszawa aliitwa Władysław Skłodowski, jina litokalo mahali paitwapo Skłody. Binti yake, aliyezaliwa mwaka 1867, akaitwa Maria Skłodowska, ndiye yule tumjuaye kwa jina la Curie la mumewe Mfaransa, aliyepewa tuzo ya Nobel mara mbili, mwaka 1903 na 1911. Hata alipoolewa ugenini hakuliacha jina la Skłody, na kitu kimoja alichokigundua pamoja na mumewe mwaka 1898 wakakiita poloni, kwa heshima ya Polandi, nchi ambayo wakati ule haikuwamo katika ramani, maana falme tatu za jirani zilikuwa zimekwisha kuigawana.

Mara nyingine jina hubadilika sana hata asiyejua asione mahali lilipotoka. Kutoka Leszno akatoka Leszczyński. Mmoja wao, Stanisław, alipata kuwa mfalme, na binti yake Maria aliolewa na mfalme wa Ufaransa mwaka 1725. Kutoka Zamość akatoka Zamoyski, na habari ya ukoo huu ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Ukoo ulikuwa na kijiji kiitwacho Zamość, ukapata jina kwacho. Kisha Jan Zamoyski, kansela wa ufalme, mwaka 1580 akaanza kujenga mji mpya karibu na hapo, kwa ramani ya fundi Mwitalia, Bernardo Morando, wenye njia zilizonyoka na uwanja mpana katikati. Naye akauita mji huo Zamość. Kijiji kilimpa mtu jina, na mtu akalikopesha jina kwa mji. Kile kijiji cha kwanza kinaitwa Stary Zamość, yaani Zamość ya Kale.

Lakini msidhani kwamba kila mwenye -ski ni mtoto wa kabaila. Kwa kuwa mabwana walijiita hivyo, wengine nao waliitaka heshima hiyo, na mkia ule ukashikizwa hata pasipo shamba wala ngome. Kowal ni mhunzi. Kowalski yaweza kuwa mtu wa kijiji kiitwacho Kowale, na yaweza vile vile kuwa mtoto wa mhunzi. Kwa kulitazama jina peke yake huwezi kujua. Wiśniewski hutoka katika vijiji vilivyopewa jina la mti wa matunda mekundu uitwao wiśnia. Dąbrowski, litamkwalo Dombrofski, hutoka Dąbrowa, na dąb ni mwaloni. Vijiji viitwavyo Dąbrowa ni vingi mno, kwa kuwa misitu ya mialoni ilikuwa mingi. Hivyo akina Dąbrowski wawili wakikutana safarini, wasikimbilie kuulizana habari za shangazi. Na jina lililo na watu wengi kupita yote katika Polandi si la kijiji chochote. Ni Nowak, nalo maana yake ni mtu mpya, mgeni.

Wayahudi wa nchi ile kwa muda mrefu walitumia jina la mtu na la baba yake tu. Watawala wa kigeni walipowalazimisha kuwa na majina ya ukoo (Austria ilitoa amri yake mwaka 1787), wengi walichukua majina ya miji: Warszawski, Krakowski, Poznański. Izrael Poznański, aliyekufa mwaka 1900, alikuwa na viwanda vikubwa vya nguo za pamba katika mji wa Łódź.

Yuko na mwingine aliyepita karibu na wasemao Kiswahili. Baharia mmoja, Józef Konrad Korzeniowski, jina lenye mizizi ndani yake, kwa maana korzeń ni mzizi, alipanda mto wa Kongo mwaka 1890 mpaka mahali panapoitwa sasa Kisangani. Alipoanza kutunga vitabu kwa Kiingereza aliukata mzizi huo, akajiita Joseph Conrad, ili apate kutamkika.

Sasa nafika Tengeru. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Polandi ilishambuliwa na Wajerumani upande mmoja na Warusi upande wa pili. Katika mwaka 1940 na 1941 Warusi waliwatoa watu mamia ya maelfu katika vijiji vya mashariki, wakawapeleka kwa magari ya moshi mpaka Siberia na Kazakistani. Wengi walikufa huko kwa baridi, njaa na kazi. Mwezi Julai 1941 Jenerali Sikorski, aliyekuwa mkuu wa serikali ya Wapolandi waliokimbilia Uingereza, alipatana na Warusi watu hao wafunguliwe. Mwaka 1942 sehemu yao walivuka mpaka Uajemi; wanaume wakaenda jeshini, na wanawake na watoto wengi wakaletwa kwa meli katika bandari zetu. Walikaa Masindi na Koja katika Uganda, Ifunda na Kidugala huku Tanganyika, na kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, yenye watu wapata elfu tano.

Wale waliobaki kwao hawakuwa salama zaidi. Katika wilaya ya ule mji wa Zamość, Wajerumani waliwatoa watu zaidi ya laki moja katika nyumba zao mwaka 1942 na 1943, ili kuwaweka Wajerumani mahali pao.

Vita ikaisha mwaka 1945, na mipaka ikasogezwa. Vijiji vya mashariki vikawa ndani ya Urusi ya Kisovieti. Leo vimo katika Ukraine, Belarus na Lithuania. Wapolandi wengi wa huko walihamishiwa magharibi, katika nchi walikoondolewa Wajerumani, na vijiji vya huko navyo vikabadilishwa majina. Fikirini basi mwanamke aliyekaa Tengeru, ambaye jina lake kila alipoliandika lilisema, "Mimi ni wa mahali fulani," na mahali hapo hapakuwa tena kwao. Labda hata jina lenyewe la kijiji lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa herufi nyingine. Wengi hawakurudi. Kambi ilipofungwa mapema katika miaka ya 1950, walikwenda Uingereza, Kanada na Australia, na wachache wakabaki papa hapa. Wako watoto waliozaliwa kambini: jina la ukoo lataja kijiji wasichokiona kamwe, na cheti chataja Tengeru.

Huko ugenini jina lilipata shida nyingine. Makarani wa Kiingereza hawakuelewa kwa nini mke asiitwe sawasawa na mumewe, na familia nyingi wakaacha kugeuza mkia. Wanawake nao wakaandikwa -ski. Kwa hiyo mjukuu akija Tengeru kutafuta kaburi la bibi yake, nawe umeombwa kumsaidia, usilitafute jina kama lilivyo katika hati yake ya safari. Litafute kwa -ska.

Kwa leo nakomea hapo. Kwaherini.